Kamunye inalala mzima inaamka maiti: namna ya kusaka kinachonyonya betri usiku

Kama una kamunye, yaani Hiace ya zamani ya abiria, ile ya dizeli tunayobebea watu 14 (na siku ya soko … wacha niishie hapo, trafiki nao wanasoma), hii ya Jumatatu asubuhi unaijua. Unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia kama mshumaa unaoisha, stata inasema tk-tk-tk, alafu kimya. Konda anashuka bila kuambiwa kwenda kutafuta vijana wa boda waje kusukuma.

Yangu ilinitesa hivyo miezi mitatu. Niko Arua, Uganda, natembea Arua–Koboko, na ndani ya hiyo miezi mitatu nikanunua betri mbili mpya. Mbili! Fundi wa kwanza alisema badilisha betri, wa pili akasema badilisha betri, na muuza betri unajua mwenyewe atakwambia nini. Hakuna hata mmoja aliyetoa testa, kile kipima umeme, mfukoni akapima. Betri ya pili ilipolala ndo nikakubali kwamba betri haina kosa, kuna kitu ndani ya gari kinakula usiku sisi tumelala. Nitaeleza vile nilivyokisaka, si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu, na ukikosea kidogo testa inaungua, hiyo pia nitakwambia maana yangu iliungua.

Kabla hujafungua chochote, jiulize inalala siku gani. Yangu ilikuwa Jumatatu tu. Jumanne mpaka Jumamosi inawaka vizuri asubuhi, Jumatatu imekufa. Konda wangu akawa anasema gari imeokoka, Jumapili inafunga na kuomba ndo maana Jumatatu haina nguvu. Nilicheka lakini jibu lilikuwa pale pale kwa huo utani, maana Jumapili gari inapumzika, kwa hiyo chochote kinachonyonya kinapata masaa mengi bila altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, kurudisha. Kama yako inakataa hata baada ya kusimama nusu saa tu, au inakataa kila siku, hiyo inaweza kuwa betri yenyewe imechoka, au altaneta haichaji, au waya za stata zimeoza, na huo ni ugonjwa mwingine.

Vitu vya kutafuta

Testa ya dijito, hata ile ndogo ya manjano inatosha, lakini hakikisha ina tundu limeandikwa 10A. Fyuzi za akiba za hiyo testa. Spana namba 10. Bulbu ya breki ya wati 21 imeungwa waya mbili, hii utaona kazi yake. Tepu ya waya, bisibisi, kalamu na karatasi. Vua saa na pete, kuna fundi niliona amebaki na alama ya pete kidoleni maisha yote kwa sababu spana yake iligusa chanya huku pete imegusa bodi. Na sigara weka mbali, betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka, hiyo sio hadithi ya kutisha watoto.

Hatua ya kwanza: ondoa betri na altaneta kwenye washukiwa

Peleka betri kwa mtu wa kuchaji, ilale huko usiku mzima mpaka ijae kweli. Kujampu, yaani kuazima umeme wa betri ya gari lingine, alafu kuendesha dakika 20 hakujazi betri, watu wengi wanajidanganya hapo. Ikishajaa iache ikae masaa machache bila kuguswa, alafu pima: betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu, ikisoma 12.0 karibu imeisha. Pima tena wakati mtu anapiga stata, isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka mpaka 8 na ilikuwa imejaa, haya, hiyo betri ni mgonjwa, maliza nayo kwanza.

Alafu washa injini upime tena kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji. Yangu ilisoma 13.9 nikasema altaneta safi, nikaiweka pembeni kichwani mwangu. Kumbuka hilo neno.

Na futa uso wa betri. Ule uchafu mweusi wenye unyevu wa asidi unapitisha umeme kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Ukitaka kuamini weka testa kwenye volti, mguu mmoja kwenye hasi na mwingine uguse tu plastiki ya juu ya betri, ukiona namba inatokea pale basi betri inajinyonya yenyewe. Maji ya vuguvugu na magadi kidogo, yale ya kupikia maharage, yanaua asidi, ila usiruhusu yaingie ndani ya vitundu vya betri.

Hatua ya pili: kuunga testa bila kuiunguza

Hapa ndo watu wanaharibu, kwa hiyo soma polepole.

Zima kila kitu, toa ufunguo mfukoni mwako. Vitu vilivyochomekwa na abiria kwenye chaja viache kama vinavyokuwa usiku, usitoe kitu, maana unataka kuikuta gari kama inavyolala. Shusha kioo cha dereva ili uweze kufikia boksi la fyuzi bila kufungua mlango, kwa sababu ukifungua mlango taa ya ndani inawaka na hiyo taa peke yake ya wati 10 inavuta karibu ampea 0.8, utakimbiza mwizi ambaye ni wewe mwenyewe. Kama lazima mlango ukae wazi, tafuta ile swichi ya kitufe kwenye fremu ya mlango uibonyeze kwa tepu. Usisahau mlango wa kuteleza wa abiria na mlango wa nyuma, navyo vina swichi zake.

Sasa fungua hasi ya betri, ule waya mweusi, na sio chanya. Siku zote hasi inatoka ya kwanza na kurudi ya mwisho.

Kabla ya testa, tumia ile bulbu. Waya mmoja wa bulbu kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye ule waya mweusi uliotoa. Bulbu sasa imekaa katikati ya njia, umeme wote unaotoka unapita ndani yake. Isipowaka kabisa, unyonyaji ni mdogo au haupo. Ikiwaka kwa nguvu, kuna kitu kikubwa kimewaka au kuna shoti, usiweke testa hapo, utaiunguza, tafuta kwanza hicho kikubwa. Yangu iliwaka nyekundu hafifu kama ncha ya udi gizani. Nilikaa pale chini ya mwembe naiangalia ile nyekundu ndogo, nikasema kumbe ni wewe umekula betri zangu mbili.

Bulbu ikikaa hafifu au isipowaka, sasa testa. Waya mwekundu wa testa uhamishe kwenye tundu la 10A, swichi iweke kwenye ampea za DC, 10. Usianzie kwenye lile tundu dogo la milliampea, fyuzi yake inakata kwa ampea 0.2 tu kwa testa nyingi, hapo ndo yangu ya kwanza ilikwenda. Mguu mmoja kwenye kichwa cha hasi, mwingine kwenye waya mweusi, kama ilivyokuwa bulbu. Ukishaunga hivyo USIPIGE STATA, usiwashe hata ufunguo, usiwashe taa kubwa, stata inavuta ampea zaidi ya mia na hiyo testa itakuaga. Na ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti mara moja, maana siku ukija kupima volti ukiwa umesahau upo kwenye 10A unakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja.

Subiri. Gari hizi za zamani hazina kompyuta nyingi, dakika 10 zinatosha, lakini kama una alamu au kifaa cha kufuatilia gari, ngoja nusu saa vilale kwanza.

Namba inasemaje

Gari ya zamani ikilala vizuri inavuta ampea 0.02 mpaka 0.03, yaani saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio. Mpaka 0.05 hakuna kesi. Yangu ilisoma 0.68.

Fanya hesabu, ni rahisi, ampea mara masaa. Napaki Jumamosi saa 12 jioni, nawasha Jumatatu saa 12 asubuhi, hayo ni masaa 36. 0.68 mara 36 inakuja karibu 24.5. Betri yangu ni N70, ya ampea-saa 70 ikiwa mpya. Kwa hiyo kila wikendi inanyonywa theluthi moja, inavumilia mara ya kwanza, mara ya pili, lakini betri ya gari haikutengenezwa kushushwa shushwa hivyo, kila mara inapoteza nguvu kidogo, na baada ya wiki tano sita theluthi inakuwa ndo karibu yote iliyobaki. Ndo maana kila betri mpya ilinidanganya mwezi wa kwanza nikadhani nimepona. Usiku wa kawaida wa masaa nane ni 5.4 tu, asubuhi inawaka bila shida, huoni kitu.

Hatua ya tatu: fyuzi moja moja

Testa ikiwa imeungwa, pitisha mkono dirishani, toa fyuzi moja, angalia namba, rudisha mahali pake, nenda inayofuata. Usitoe zote kwa pamoja ukazimwaga kwenye kiti, utarudisha ya 10 mahali pa 20. Andika kila moja. Mtu wa pili anasaidia sana hapa, mmoja anatoa fyuzi mwingine anasoma testa, konda wangu alikuwa anasoma kwa sauti kama anaita abiria: sitini na nane! sitini na nane! sitini na nane! Nikafika ile iliyoandikwa DOME, akanyamaza, alafu akasema mzee, arobaini na moja.

Namba ikishuka ujue mwizi yuko kwenye njia ya hiyo fyuzi. Kwenye Toyota hizi DOME inalisha taa ya ndani, saa, na kumbukumbu ya redio, yaani vitu vinavyokaa na umeme hata ufunguo ukitoka. Na ndo pale pale kila fundi wa redio anapenda kuungia mambo yake.

Nikavuta redio nje. Nyuma ya redio nyingi za kununua kuna waya wa njano, huo ni wa kumbukumbu, unatakiwa umeme muda wote, na waya mwekundu ambao unatakiwa umeme ukiwasha ufunguo tu. Yangu wote wawili walikuwa wamesokotwa pamoja, tepu juu, ili redio icheze hata bila ufunguo wakati tunangoja abiria stegi. Na kwenye huo huo msokoto kulikuwa na vichaji sita vya USB ambavyo konda aliviweka kwenye viti ili abiria wachaji simu, vile vyenye kitaa cha buluu. Miezi yote nilikuwa naviona vinang'aa usiku uani nikisema gari inapendeza. Kimoja kinavuta kidogo sana, lakini sita pamoja na redio isiyolala walikuwa wananilia 0.27. Konda alitazama chini, sikumwambia kitu, maana ruhusa nilitoa mimi.

Dawa yake ni kutenganisha: njano ubaki kwenye umeme wa kudumu, mwekundu na vichaji viende kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kila kimoja na fyuzi yake, na usisokote, unga vizuri kwa solda au viungio vya kubana.

Wengine ambao wanapenda kukamatwa hapa: swichi ya breki (kile kiplastiki kidogo kwenye pedali kinachobonyeza swichi kinavunjika na uzee, taa za breki zinabaki zimewaka, bulbu mbili za wati 21 ni ampea 3.5, hiyo betri haioni asubuhi), taa ya mlango wa kuteleza ambao haufungi sawasawa, inveta, na alamu iliyoungwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kama gari yako ni mpya kidogo, zile tunaita drone, zina kompyuta, kutoa fyuzi kunaweza kuziamsha ukasoma uongo, kwa hizo acha fyuzi mahali pake upime millivolti kwenye vile vidoti viwili vya mgongo wa fyuzi, fyuzi yenye kusoma kitu ina umeme unaopita.

Hatua ya nne: kisichopita kwenye fyuzi ndogo

Mimi nilidhani nimemaliza. Lakini 0.41 bado ilikuwa pale, na nilitoa fyuzi zote mpaka ya mwisho, bado 0.41. Fundi wengi wanaachia hapa wanasema gari ina jini.

Umeme una njia nyingine. Kuna waya nene zinazotoka kwenye chanya ya betri bila kupita boksi la fyuzi ndogo: ya stata, ya altaneta, ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya plagi za kupasha moto dizeli, na waya yoyote ambayo mtu alifunga moja kwa moja kwenye kichwa cha betri. Anza na hizo za mwisho, fuata kila waya usioujua mpaka mwisho wake. Plagi za kupasha nilizitoa kwenye orodha haraka, rilei yake ikishika inavuta makumi ya ampea, ingeonekana mapema.

Ikabaki altaneta, ile niliyoisifu inachaji 13.9. Ndani ya altaneta kuna diodi, kazi yake ni kama mlango wa upande mmoja, umeme unatoka kwenda betri haurudi. Diodi ikivuja mlango haufungi vizuri, mchana altaneta inaendelea kuchaji karibu kama kawaida, usiku betri inarudi nyuma kupitia pale. Kuna njia ya kuipima bila testa yoyote na ndo ninayoipenda. Asubuhi mapema, gari imelala usiku mzima na betri imeungwa, inua kiti cha mbele, maana kwa hizi Hiace injini iko chini yetu, gusa chuma cha injini kwanza. Baridi. Alafu gusa mgongo wa altaneta. Yangu ilikuwa na uvuguvugu, sio moto, uvuguvugu tu kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani. Injini imezimwa masaa kumi, uvuguvugu unatoka wapi?

Kuhakikisha: toa hasi ya betri kabisa, testa pia iondoe, kwa sababu ule waya mnene wa altaneta una umeme wa betri muda wote, spana ikigusa bodi utaona radi. Fungua nati, toa huo waya, ufunge tepu kichwa chake chote usiguse kitu. Rudisha testa kwenye njia kama mwanzo. Yangu, fyuzi zikiwa bado nje: 0.00.

Unaweza pia kupima injini ikiwaka, testa kwenye volti za AC, kwenye vichwa vya betri. Ikizidi kama 0.5 diodi inashukiwa. Ila testa nyingine za bei ya chini zitakupa namba ya ajabu kama 28 hapo, hiyo ni testa inadanganya, usiende kununua altaneta kwa sababu yake.

Sikununua altaneta. Fundi wa altaneta aliifungua, akabadilisha pleti ya diodi peke yake. Pleti ikikosekana ulipo, tuma mtu Kisekka, kwenye soko la vipuri kule Kampala, na ile ya zamani mkononi kama sampuli, maana zinafanana kwa macho lakini matundu ya bolti hayalingani. Nikarudisha fyuzi zote, nikaunga testa, nikangoja dakika 10: 0.02. Nikaandika hiyo namba na tarehe kwa kalamu kwenye tepu nyeupe, nikaibandika ndani ya kifuniko cha fyuzi, ili fundi wa redio mwingine akija kuongeza kitu nipime tena nijue ameacha nini.

Jumatatu iliyofuata nilipima kabla ya kuwasha, 12.5. Ikawaka kwa mzunguko mmoja. Konda alikuwa ameshaita vijana wanne wa boda kwa mazoea, wamesimama nyuma mikono tayari, ikabidi niwanunulie soda.